Kamera na waya za kichwani: majibu kwa mlioniuliza

Najua nimepotea, msininunie. Huku baridi imeshika, saa kumi jioni jua linazama, na mtu ukitoka kazini unachowaza ni blanketi na chai ya tangawizi tu. Lakini maswali yamekuwa mengi mno kwenye simu, nimeona niyajibu yote hapa kwa mkupuo. Swali lenyewe ni moja: wewe si nesi, sasa hiyo stendi na kamera unayotembea nayo mitaa ya Woolwich ni ya nini? Kuna aliyesema nimeacha uuguzi nimeingia kwenye kupiga video za harusi. Jamani, si ningekuwa tajiri!

Kazi yangu ni ya wagonjwa wa kifafa, na ile kamera ni sehemu ya kipimo chao. Inakwenda sambamba na kipimo kiitwacho EEG. Someni mpaka mwisho, maana kuna jambo letu la nyumbani nitalifikia.

EEG ni kusoma umeme wa ubongo. Msishtuke na neno umeme. Mashine haimtii mtu umeme wowote, inasikiliza tu ule ambao ubongo wake unautoa wenyewe, na ni mdogo mno, wa kuhesabiwa kwa sehemu za milioni moja za volti. Daktari wa Ujerumani, Hans Berger, ndiye aliyeunasa kwa mara ya kwanza kwenye kichwa cha binadamu mwaka 1924, akautangaza kwa maandishi mwaka 1929. Siku hizi tunabandika elektrodi kama ishirini hivi, vijisahani vidogo vya kama kifungo cha shati, kwa gundi maalumu. Na hazibandikwi popote tu. Kichwa kinapimwa kwa utepe kama fundi cherehani anavyopima suti, kuanzia juu ya pua mpaka kisogoni, kisha sikio hadi sikio, na kila elektrodi ina kituo chake kwa asilimia 10 au 20 ya umbali huo. Utaratibu huo ulichapishwa mwaka 1958 na Herbert Jasper wa Montreal, Kanada, na ndio unaofuatwa dunia nzima.

Sasa shida iko hapa. Kipimo cha kawaida kinachukua kama nusu saa. Mtu anayeanguka mara mbili kwa mwezi, tena usiku, utamfumania vipi ndani ya nusu saa ya mchana? Anakuja, anakaa, mistari inatoka mizuri, anarudi kwake, usiku anaanguka. Na EEG ikitoka safi haina maana kwamba mtu hana kifafa. Kwa hiyo wale wenye utata wanavishwa waya siku kadhaa mfululizo, na kamera inawatazama usiku na mchana.

Kwa nini mistari peke yake haitoshi? Kwa sababu mistari inadanganya. Mtu akipiga mswaki, misuli na mkono vinachora mawimbi yanayopanda na kushuka kwa mpangilio, mtu asiyejua akidhani ni kifafa. Mtafuno wa karanga nao unachora. Mama akimbembeleza mtoto mchanga kwa kumpigapiga mgongoni, kila pigo linaonekana kwenye waya, pa, pa, pa, pa, na ukitazama mistari tu unaweza kuapa kwamba mtoto ana degedege. Ukifungua picha unamkuta mama wa watu anaimba kwa sauti ya chini na mtoto amelala fofofo.

Picha peke yake nayo haitoshi. Mtu anaweza kuanguka na kutetemeka kwa sababu moyo umeyumba na damu haikufika kichwani vizuri. Mwingine anatetemeka kwa sababu mwili unajibu machungu mazito aliyopitia. Huyo haigizi, naomba nisisitize, anaumwa kweli kweli, lakini ubongo wake wakati ule hauna mawimbi ya kifafa, na vidonge vya kifafa havitamsaidia hata akinywa debe zima. Tena kifafa chenyewe kina aina nyingi. Kabamazepini inamfaa sana mmoja, lakini inaweza kumzidishia yule mwenye aina ya kuzubaa au ya kushtukashtuka. Ndiyo maana daktari anataka kuona vyote viwili kwa pamoja: mwili ulifanya nini, na sekunde ile ile ubongo ulifanya nini. Na wazo hili si la juzi. Mwaka 1949 Hunter na huyo huyo Jasper wa Montreal walishaandika kuhusu njia ya kuchukua filamu ya sinema pamoja na EEG.

Zamani kwa kipimo hicho ilikuwa lazima mgonjwa alazwe. Mwaka 2014 wataalamu wa Hospitali ya King's College, hapa hapa kusini mwa London, walichapisha taarifa ya jinsi walivyokipeleka nyumbani kwa mgonjwa. Mtu analala kitandani kwake, anapika kwake, anagombana na watoto wake kama kawaida, na mashine ndogo ya betri kiunoni inarekodi. Wanaobaki kulazwa ni kama wale wanaopunguziwa dawa makusudi ili kifafa kijitokeze, maana hiyo ni hatari na inataka watu wa karibu. Kwa hiyo mnaponiona na begi na stendi, ndiyo safari zenyewe. Naongozana na mtaalamu wa EEG. Yeye anashughulika na kichwa na mashine, mimi nashughulika na mgonjwa, familia na kamera.

Siri ya mgonjwa ni siri, kwa hiyo nyumba nitakayoieleza si ya mtu fulani. Nimezichanganya nyumba nyingi nikazifanya moja. Wekeni akilini fleti ya ghorofani hapa Woolwich, chumba kidogo, kitanda, kabati la kioo, na dirisha kubwa linalotazama mto Thames na kivuko cha bure ambacho kimevusha watu tangu mwaka 1889. Mchana mandhari ni raha tupu. Kwa mtu wa kamera ni balaa, na nitawaambia kwa nini.

Kwanza ni mahali pa kuiweka. Kamera inakaa kwenye kona, juu kidogo ya usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama, ikitazama kitanda kwa mshazari. Inatakiwa imwone mtu mzima mzima, uso, mikono yote miwili, mpaka vidole vya miguu. Watu wanapenda kupiga uso tu. Lakini kifafa kingi kinaanza na jambo dogo pembeni: kidole gumba kinacheza, mguu mmoja unakakamaa, kichwa kinageukia upande mmoja. Hilo dogo la mwanzo ndilo linalomwambia daktari moto umewaka chumba gani cha ubongo. Ukipitwa nalo umebaki na mtikisiko wa mwili mzima, ambao unafanana kwa watu wengi.

Pili ni mwanga. Usiku tunatumia kamera yenye mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni lakini kamera inaona, ili mgonjwa alale gizani kama kawaida. Sasa kile kioo cha kabati na lile dirisha la mtoni vinaurudisha ule mwanga moja kwa moja kwenye kamera, na asubuhi unakuta umerekodi weupe kama ukungu. Kwa hiyo tunafunga pazia, kioo tunakifunika na shuka au khanga, na kamera tunaigeuza isitazamane navyo. Jambo jingine ni kwamba picha ya infraredi haina rangi. Huwezi kuona kama mtu amebadilika rangi kwa kukosa hewa. Na sisi watu weusi ndiyo kabisa, kukosa hewa kwetu kunatafutwa kwenye midomo, ulimi na fizi. Kwa hiyo familia naiambia: akianza, washeni taa, mfunueni shuka, halafu simameni pembeni, msimzibe kwa kamera. Ndugu wakimwona mpendwa wao anaanguka wanamrukia na kumfunika kwa miili yao. Ni mapenzi hayo, siwalaumu, lakini kwenye rekodi tunaona migongo mitupu.

Tatu ni saa. Hili ndilo moyo wa kazi yote. Saa ya kamera na saa ya EEG lazima ziwe kitu kimoja. Zikipishana hata sekunde mbili tatu, utashindwa kujua ubongo ulianza au mwili ulianza, na pengine jibu zima liko hapo. Mashine za sasa zinapatanisha saa zenyewe, lakini sisi hatuondoki kabla ya kujaribu. Tunamwambia mgonjwa aitazame kamera, afumbe macho, afumbue, apepese, akaze meno, ainue mkono. Kupepesa macho kunachora kilima kikubwa kwenye elektrodi za mbele. Ukiona kope imeshuka kwenye picha na kilima kimepanda papo hapo kwenye mstari, unashusha pumzi.

Nne ni sauti. Maikrofoni inanasa ule mlio wa mwanzo, na inanasa majibu. Ndugu wa karibu ninamfundisha amwite mgonjwa jina, amwambie neno moja alikumbuke, kwa mfano "embe", kisha baada ya kuzinduka amuulize. Akilikumbuka, maana yake fahamu hazikupotea zote. Ndege za uwanja wa London City, ng'ambo tu ya mto, zinapita na kelele zao, kwa hiyo dirisha linafungwa tena, safari hii kwa sababu ya masikio.

Tano ni heshima, na kwangu mimi ndiyo ya kwanza. Mgonjwa anasaini akiwa ameelewa nani ataona picha na zitakaa wapi. Anaonyeshwa namna ya kuizima kamera. Chooni na bafuni hairekodiwi. Mgeni akija anaambiwa mlangoni kabisa kwamba chumbani mle kuna kamera inafanya kazi. Nimeona mzee wa watu akisita kabisa, nikakaa naye chini nusu saa nzima bila kugusa stendi, mpaka akasema mwenyewe, haya iwekeni. Bila hivyo kamera inakuwa jicho la mwizi.

Na akina dada najua mnataka kuuliza: nywele je? Elektrodi inataka ngozi. Mtu akija na rasta za kuunganisha au wivu zima, gundi haina pa kushika. Wengi wetu tumeambiwa fumua yote, na kufumua ni pesa na siku nzima. Lakini mwaka 2020 msichana mmoja wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, Arnelle Etienne, na wenzake walionyesha njia nyingine: kusuka mistari ya twende kilioni kwa kufuata vile vituo vya 10-20, ili ngozi ibaki wazi panapotakiwa, na elektrodi zenye umbo la kujibana chini ya msuko. Niliposoma nilicheka peke yangu. Twende kilioni yetu imeingia maabara!

Haya, sasa turudi nyumbani, ndiko nilikokuwa naelekea.

Ninyi wa Mahenge mnajua kwamba kwetu kifafa si habari ya mbali. Daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge karibu na mwaka 1960. Alikuta wagonjwa wenye makovu ya moto, kwa sababu mtu akiangukia jikoni watu waliogopa kumgusa wasije wakaambukizwa. Miaka hiyo ya 1960 aliandika pia kuhusu watoto waliokuwa wakitikisa kichwa kama wanaosinzia, tena na tena. Watoto wa namna hiyo walikuja kuonekana kwa wingi Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda. Watu walisema mengi, pepo, laana, njaa, vita. Kisha mwaka 2013 jarida la Lancet Neurology likachapisha kazi iliyofanywa Kitgum, Uganda, ambako watoto walirekodiwa EEG huku wakipigwa video. Ikaonekana kwamba kichwa kinapoanguka, misuli ya shingo imelegea ghafla na ubongo umebadilika wakati huo huo. Kile kichwa kilichoinama kilikuwa kifafa. Mtu wa Pogoro akisoma hivyo hawezi kukaa kimya. Zaidi ya miaka hamsini watoto wanatazamwa kwa macho tu, halafu kamera na waya vikakutana, neno likapatikana.

Sasa jambo letu. Dada yangu ameniruhusu niliandike, jina la mtoto silitaji. Kijana wake, ambaye mimi ni mama yake mdogo, anakaa Morogoro mjini kwa Mjomba kwa ajili ya shule. Darasani anaganda, kalamu inabaki hewani, mwalimu anasema ni jeuri. Usiku wenzake wanasema anapiga teke na kukoroma vibaya. Dada amempeleka hospitali, daktari ameuliza: ikoje? Dada hajawahi kuiona, yeye yuko Mahenge. Watoto wenzake wanaeleza kila mmoja lake. EEG ya nusu saa imetoka safi. Tumebaki hapo.

Nilipoomba apigwe video kwa simu, Mjomba alikataa. Na Mjomba ana hoja, sitaki mtu amseme. Alisema aliona ile video ya binti aliyeanguka stendi, watu wakaizungusha kwenye simu na vicheko chini yake. Akasema hatamfanyia hivyo mtoto aliye chini ya dari yake. Mjomba, shikamoo. Kwa hili nakuheshimu zaidi kuliko unavyojua, ndicho hicho hicho ninachowaambia watu wa huku kabla sijafungua begi.

Lakini Mjomba, ile ilipigwa ili watu wacheke. Hii itakuwa na mpokeaji mmoja, daktari. Mwaka 2020 jarida la JAMA Neurology lilichapisha utafiti wa Marekani kuhusu video zilizopigwa na ndugu kwa simu za kawaida, na ukaonyesha kwamba daktari bingwa akiitazama video ya namna hiyo pamoja na maelezo ya mgonjwa anasaidika sana kutambua kama ni kifafa au siyo. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama milioni 50 wana kifafa, karibu asilimia 80 wako nchi kama zetu, na hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Huko mashine ni chache. Waya hatunazo, lakini nusu ya kipimo iko mfukoni mwako.

Naomba iwe hivi. Taa ndogo iwashwe chumbani, upande wa miguuni, isiwe nyuma ya kichwa chake. Akianza, kwanza mtoto: mwondolee vitu vya kumuumiza, usimkandamize, usimtie kijiko wala chochote mdomoni, mtetemeko ukipungua mlaze ubavu. Ukiwa peke yako acha simu kabisa. Mkiwa wawili, mmoja ashike mtoto, mwingine ashike simu kwa ulalo, arudi nyuma mpaka aone mwili wote, asiikatishe mpaka mtoto azinduke na dakika kadhaa baada ya hapo. Ataje saa kwa sauti. Amwite jina. Amwambie neno. Ikizidi dakika tano, au akirudia bila kuzinduka, ni hospitali mara moja, video baadaye. Kisha video aione Dada na daktari, isiingie kwenye kundi lolote, hata la ukoo. Hata mimi msinitumie mpaka Dada aseme. Na kijana mwenyewe aulizwe kwanza, ana miaka 11, anaelewa. Akikataa, tumsikilize na tuzungumze naye tena.

Tarehe ya kurudi kliniki ni mwezi ujao. Kwa ratiba ya wenzake chumbani, ni kama mara moja kwa wiki, kwa hiyo tuna nafasi kama nne tu kabla ya siku hiyo. Simu ya Mjomba ndiyo inayopiga vizuri gizani kuliko zote pale nyumbani, na usingizi wake ndio mwepesi kuliko wote. Ndiyo maana ombi linakuja kwako, Mjomba, mbele ya watu wote.

Nimalizie hapo, kesho zamu yangu inaanza alfajiri. Nisalimieni Bibi, mwambieni maji ya moto bado nakunywa kila asubuhi kama alivyoagiza. Wengine mwenye swali aniulize, ila la harusi sijibu tena.

Wenu, nesi wa Woolwich.